Lubumbashi: Wanafunzi wanalipa, Kinshasa inaamua

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa mjini Lubumbashi, familia zenye kijana katika chuo cha serikali hurudia maswali yale yale. Ada ya mwaka huu ni kiasi gani? Inahesabiwa kwa dola au kwa franka? Dola moja itageuzwa kwa franka ngapi? Na nani ameamua hivyo? Matatu ya kwanza hujibiwa na tangazo la chuo. La nne huachwa bila jibu, ingawa ndilo linaloeleza kwa nini msaada kwa wanafunzi umebaki dhaifu katika mji unaozungukwa na migodi ya shaba na kobalti.

Lubumbashi ni mji wa vyuo. Mbali na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kilichoanza kufundisha mwaka 1956 wakati mji ukiitwa bado Élisabethville, kuna taasisi za juu za serikali zinazotoa mafunzo ya kazi: ISP ya walimu, ISTM ya wauguzi na mafundi wa tiba, ISC ya biashara, ISS ya takwimu. Taasisi hizo hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na vyuo vya kati vya wilaya au vya mji. Huwapokea vijana wa Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na miji ya jirani, wengi wao wakitoka katika familia zisizoweza kumpeleka mtoto Kinshasa wala nje ya nchi.

Kwa mahali vilipo na kwa watu vinaowahudumia, hivi ni vyuo vya Lubumbashi. Kwa uongozi, ni vyuo vya Kinshasa. Pengo hilo ndilo kiini cha tatizo.

Nani anaongoza chuo

Chuo cha umma nchini Kongo huongozwa na kamati ya usimamizi. Katika chuo kikuu, kamati hiyo ina rekta, katibu mkuu wa masomo, katibu mkuu wa utawala na msimamizi wa bajeti, na siku hizi pia katibu mkuu wa utafiti. Katika taasisi za juu, anayekaa kwenye kiti cha rekta huitwa mkurugenzi mkuu. Wote hao huteuliwa na mamlaka ya taifa. Hakuna baraza la mji, bunge la jimbo, chama cha wazazi wala jumuiya ya wanafunzi inayowapigia kura, na hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo chenye uwezo wa kuwaondoa.

Juu ya kamati kuna Baraza la utawala la vyuo vikuu na Wizara ya elimu ya juu, vyote viwili Kinshasa. Kila mwaka wizara hutoa maagizo ya masomo: lini mwaka unaanza, mitihani inafanyika lini, ada ya aina gani inaruhusiwa na ipi ni marufuku. Mageuzi makubwa nayo hushuka kwa njia hiyo hiyo. Mwaka wa masomo wa 2021-2022, chini ya Waziri Muhindo Nzangi, vyuo viliingizwa katika mfumo wa LMD wa lisansi, masta na udaktari, pamoja na mihula na krediti zake. Vyuo vya Lubumbashi vililazimika kufuata hata pale ambapo kumbi, maabara na maktaba vilikuwa vile vile vya zamani.

Mpangilio huu haukutokea kwa bahati. Miaka ya 1960 nchi ilikuwa na vyuo vikuu vitatu vyenye bodi tofauti: Lovanium ya Wakatoliki mjini Kinshasa, chuo cha Waprotestanti mjini Kisangani, na chuo cha serikali mjini Lubumbashi. Wanafunzi walikuwa na umoja wao wa kitaifa, UGEC, ulioanzishwa mwaka 1961, na walidai nafasi katika uongozi wa vyuo. Tarehe 4 Juni 1969, wanajeshi waliwafyatulia risasi wanafunzi wa Kinshasa walioandamana wakidai, pamoja na mambo mengine, bursi bora. Wanafunzi wa Lovanium walipojaribu kuwakumbuka wenzao mwaka 1971, chuo kilifungwa na wengi wakaingizwa jeshini kwa lazima. Miezi michache baadaye vyuo vyote vitatu viliunganishwa kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, UNAZA, chenye amri moja kutoka Kinshasa. UGEC ilikuwa tayari imepigwa marufuku, na mahali pake palishikwa na tawi la vijana la chama tawala.

UNAZA ilivunjwa mwaka 1981 na Lubumbashi ikapata tena chuo kikuu chenye jina lake. Jina lilirudi, lakini uamuzi wa nani aongoze ulibaki mji mkuu. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 imebadilisha mengi katika maandishi, ila msingi huo haikuugusa.

Kutoka bursi hadi ada

Mtindo wa kuamua mambo Kinshasa ulikuwa na mantiki fulani wakati Kinshasa ndiyo iliyolipa. Mwanafunzi wa miaka ya 1970 alipata bursi ya serikali, kitanda katika bweni, chakula katika mgahawa wa chuo na basi la kumfikisha mjini. Aliyetoa fedha ndiye aliyetoa amri.

Mgogoro wa uchumi na kubana matumizi katika miaka ya 1980 viliipunguza misaada hiyo kidogo kidogo. Kisha likaja pigo la siasa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, majuma machache baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, uhusiano wake na Zaire ukavunjika, na misaada iliyokuwa ikivisaidia vyuo ikakatika. Katika miaka iliyofuata bursi ya kila mwanafunzi ikatoweka, migahawa ikafungwa, na mzazi akawa ndiye mfadhili.

Katanga ilikuwa na mlango wa pili wa msaada, nao ulifungwa wakati ule ule. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa kwa familia za wafanyakazi wake shule, hospitali na mgawo wa chakula. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka mwaka 1990, na miaka ya mwanzo ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Pamoja na mishahara yao, watoto wao walipoteza uhakika wa kusoma.

Leo fedha inayokiendesha chuo siku hadi siku hutoka kwa kiasi kikubwa mfukoni mwa familia. Kuna ada ya masomo, ada ya kujiandikisha, ada ya kuingia kwenye mitihani, na gharama ndogo ndogo zisizoonekana kwenye tangazo: silabasi ya mwalimu, kazi za vikundi, mafunzo ya kazi, kuandika na kutetea tasnifu. Serikali hulipa mishahara ya walimu, nayo mara nyingi kwa kuchelewa au baada ya migomo. Makubaliano ya Bibwa kati ya serikali na vyama vya maprofesa yalizaliwa katika migogoro ya aina hiyo. Mgomo unapoanza, mwanafunzi aliyekwisha kulipa hana mahali pa kudai muda wake uliopotea.

Maana yake ni kwamba mlipaji amebadilika na mwamuzi amebaki yule yule. Katika sekta nyingine yoyote hali kama hiyo ingezua swali mapema.

Maji, umeme na risasi

Pasipo na meza ya kuzungumzia, mazungumzo huhamia barabarani. Mwishoni mwa Januari 2019, siku chache baada ya Félix Tshisekedi kuapishwa kuwa rais, wanafunzi wa UNILU waliandamana kwa sababu ya ukosefu wa maji na umeme na kwa sababu ya ada. Polisi walitumia risasi na wanafunzi wakauawa. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2020, kupanda kwa ada kulizusha ghasia katika Chuo Kikuu cha Kinshasa. Waziri wa wakati huo, Thomas Luhaka, alisimamisha masomo na kuwaamuru wanafunzi wote waondoke katika mabweni.

Matukio hayo mawili yanafanana katika jambo moja. Madai yenyewe yalikuwa ya kawaida kabisa: bomba, taa, na hesabu ya kugeuza dola kuwa franka. Ni mambo ambayo kamati yenye wanafunzi ndani yake ingeweza kuyajadili mwezi mmoja kabla.

Kampasi ya Kasapa, kaskazini mwa mji, inaonyesha jinsi wajibu unavyogawanyika mpaka haumkai mtu. Maji ni ya Regideso na umeme ni wa SNEL, kampuni mbili za serikali zenye makao makuu Kinshasa. Mabweni ni ya chuo, nayo yalijengwa kwa idadi ndogo kuliko ya leo. Barabara inayofika huko ni ya mji au ya jimbo. Bomba likikauka, mwanafunzi anaweza kuelekezwa kwenye milango minne, na kila mlango una sababu ya kumwelekeza kwenye ule unaofuata. Asiyepata kitanda hupanga chumba mtaani na kulipa taksi-basi kila siku, gharama ambayo haimo katika ada lakini ndiyo inayowafanya wengi kuacha masomo katikati.

Wanafunzi wana wawakilishi. Kila darasa lina CP wake, na juu yao kuna uratibu wa wanafunzi. Lakini CP ni zaidi mjumbe wa kupeleka habari: anatangaza ratiba, anagawa silabasi, mara nyingine anakusanya pesa. Haketi mahali bajeti inapogawanywa, na akiulizwa na wenzake fedha za muhula zimetumikaje, hana karatasi ya kuwaonyesha.

Fedha ya madini iko karibu

Hoja inayotolewa kila mara ni kwamba nchi ni maskini. Kwa Haut-Katanga hoja hiyo inahitaji kuangaliwa tena. Kongo sasa huzalisha zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, karibu yote ikitoka Haut-Katanga na Lualaba.

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba hadi asilimia 3.5, na ule wa kobalti ukafika asilimia 10 baada ya madini hayo kutangazwa ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo. Sheria hiyo hiyo inaeleza mgawanyo wake. Kwenye kila dola 100 za mrabaha, 50 huenda serikali kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa eneo la msingi kama komini, sekta au uchifu, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo, FOMIN. Zaidi ya hapo, kila kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazoizunguka.

Kwa maneno mengine, robo ya mrabaha hufika kwa gavana wa Haut-Katanga na sehemu nyingine hufika hadi komini kama Ruashi, ambayo imepakana na mgodi. Fedha hiyo iko umbali wa safari moja ya taksi-basi kutoka vyuo vinavyolia. Lakini haina njia ya lazima ya kuvifikia. Chuo cha serikali ni mali ya taifa, kwa hiyo jimbo linaweza kusema halihusiki, na Kinshasa inaweza kusema haina fedha. Gavana akijenga ukumbi au kukarabati bweni, huhesabiwa kuwa zawadi, na zawadi hutegemea moyo wa mtoaji na ukaribu wa uchaguzi.

Katiba ya 2006 inaacha nafasi kubwa kuliko inavyodhaniwa. Elimu ya chekechea, msingi, sekondari na ufundi imekabidhiwa majimbo, kwa kufuata viwango vya taifa. Kuanzisha vyuo vya juu ni mamlaka ya pamoja kati ya taifa na majimbo. Katiba hiyo hiyo iliahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe pale pale yanapokusanywa. Ahadi hiyo haijatekelezwa ilivyoandikwa, na Katanga ya zamani iligawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015 kabla ya hesabu hiyo kutulia. Hata hivyo, hakuna mahali panapoikataza Haut-Katanga kuandika mchango wa kudumu kwa wanafunzi katika bajeti yake.

Kuna mpaka mmoja wa kuzingatiwa. Sehemu ya mrabaha inayokwenda kwa maeneo ya msingi imekusudiwa miundombinu ya manufaa ya jamii, si kugawiwa watu mmoja mmoja. Komini inaweza kuchimba kisima cha bweni au kuweka umeme wa jua kwenye maktaba, lakini bursi ya mwanafunzi lazima itafutwe kwenye mfuko mwingine. Wanaodai kila kitu kutoka fungu hilo moja watashindwa kwa hoja ya kisheria.

Mfano uko ndani ya mji

Anayetafuta mfano wa kulipia mafunzo kwa njia inayojulikana hana haja ya kupanda ndege. Taasisi ya taifa ya maandalizi ya kazi, INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kituo chake Lubumbashi, hufundisha useremala, umeme, ufundi wa magari, uchomeleaji na fani nyingine. Fedha zake za msingi hutoka kwa waajiri, ambao sheria huwataka wachangie kati ya asilimia 1 na 3 ya mishahara wanayolipa, kulingana na ukubwa wa kampuni.

INPP ina matatizo yake, kama kila taasisi ya umma. Lakini mwajiri anajua anachangia kiasi gani na kwa ajili ya nini, na taasisi inajua itegemee nini. Kampuni ya madini inayomhitaji fundi umeme huchangia kumfundisha. Kampuni hiyo hiyo inamhitaji mhasibu kutoka ISC, mtakwimu kutoka ISS na mhandisi kutoka UNILU, na hao hulipiwa na mama anayeuza unga sokoni.

Jirani wamechagua njia ya mikopo. Kenya iliunda bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, mwaka 1995. Tanzania ilipitisha sheria ya bodi kama hiyo mwaka 2004, na mwaka 2016 ikapandisha makato ya mhitimu aliyeajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Njia hiyo imewafungulia mlango maelfu ya watoto wa maskini, pamoja na malalamiko mengi kuhusu nani anapata na nani anaachwa. Lakini mkopo hurudishwa kupitia orodha ya mishahara, na wahitimu wengi wa Lubumbashi huishia katika biashara ndogo au kazi isiyo na mkataba. Bodi ya mikopo bila ajira rasmi ingegeuka haraka kuwa orodha ya madeni yasiyolipika.

Mipango iliyopo sasa nchini inawagusa wachache. Excellentia, mpango wa bursi wa taasisi ya mke wa rais, Denise Nyakeru Tshisekedi, huwachukua waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa taifa. Ni heshima kwa wanaoipata. Haimfikii mwanafunzi wa kawaida mwenye alama za katikati, anayefukuzwa mlangoni siku ya mtihani kwa sababu ya salio la ada.

Hofu iliyo na sababu

Kabla ya kusema vyuo vikabidhiwe jimbo, ni lazima kukumbuka historia ya hapa. Mwaka 1992 na 1993, katika enzi ya Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza, watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, wakiwemo walimu na wanafunzi. Wengi wao walikuwa wamezaliwa hapa. Kumbukumbu hiyo haijafutika mjini, na kila ugomvi wa kisiasa kati ya wenyeji na wageni huiamsha.

Kwa hiyo mtu anayesema afadhali Kinshasa iteue hana wazimu. Rekta aliyewekwa na bunge la jimbo anaweza kujikuta akidaiwa nafasi kwa ajili ya kabila fulani, na bursi ya jimbo inaweza kugeuzwa cheti cha kuthibitisha nani ni mtoto wa nyumbani. Matawi ya zamani ya UNILU huko Kolwezi, Likasi, Kamina na Kalemie yamekuwa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Wanasiasa wa kila eneo walijivunia kupata chuo chao, lakini kuwa na chuo karibu hakukuleta peke yake walimu, vitabu wala msaada.

Lakini kati ya kuteuliwa kila kitu Kinshasa na kukabidhiwa kila kitu kwa gavana kuna nafasi pana. Uganda imeitumia: sheria yake ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inatoa viti kwa wawakilishi wa wanafunzi katika baraza la chuo cha umma kama Makerere. Jimbo la California nchini Marekani limekwenda mbali zaidi kwa vyuo vyake vya jamii, vilivyogawanywa katika wilaya zaidi ya 70. Kila wilaya ina bodi inayochaguliwa na wakazi, na mwanafunzi mmoja huketi ndani yake. Kura ya mwanafunzi huyo kwa kawaida ni ya ushauri tu. Hata hivyo yumo chumbani bajeti inaposomwa, na anaweza kutoka na kuwaeleza wenzake alichokisikia.

Kinachoweza kuanza sasa

Mambo kadhaa hayahitaji katiba mpya wala sheria mpya. La kwanza ni karatasi. Kila chuo cha serikali mjini kinaweza kubandika, mwisho wa kila muhula, jumla ya ada iliyokusanywa, sehemu iliyobaki chuoni, sehemu iliyopanda ngazi za juu, na matumizi makuu. Benki zinazopokea ada tayari zina hesabu za malipo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuzionyesha.

La pili ni kiti. Kamati ya usimamizi inaweza kuwaita wawakilishi waliochaguliwa na wanafunzi kwa kura ya siri, pamoja na wa wazazi, katika kikao kinachoandaa bajeti na mapendekezo ya ada kabla hayajapelekwa wizarani. Wasipopewa kura, wapewe angalau haki ya kusikiliza, kuuliza na kuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

La tatu ni mkataba kati ya jimbo na vyuo vyote vya umma vilivyomo mjini, ukitaja kiasi kinachotengwa kila mwaka kwa maji, umeme na mabweni, na kiasi kingine kwa wanafunzi wenye dhiki. Kigezo cha kumsaidia mwanafunzi kiwe mahudhurio na hali ya familia yake, bila kumuuliza babu yake alitoka wapi. Kigezo hicho kikiandikwa mapema, hofu iliyoelezwa hapo juu itapungua sana.

Pingamizi litakuwepo. Anayesimamia fedha bila kuulizwa huona kila swali kama uasi, na tangu 1969 historia ya vyuo vya Kongo imejaa viongozi waliowajibu wanafunzi kwa askari. Wapo pia wanafunzi watakaotumia kiti hicho kutafuta vyeo vya kisiasa, kama walivyofanya baadhi ya watangulizi wao. Hayo ni matatizo ya uwakilishi, na hutatuliwa kwa uchaguzi wa mara kwa mara na hesabu zilizo wazi.

Mwaka ujao wa masomo utakuja na tangazo lake, na kiwango cha dola kitakuwa kimebadilika. Bunge la jimbo la Haut-Katanga nalo litapokea rasimu ya bajeti. Mzazi wa Katuba anayetaka kujua msimamo wa jimbo lake kuhusu mwanafunzi anaweza kumuuliza mbunge wake jambo moja tu: katika rasimu hiyo, vyuo vya mji vimeandikiwa kiasi gani, na kwenye ukurasa upi.